"Ni uzee tu" si jibu la tabibu

Yako maneno matatu ambayo aghalabu kila Mtanzania aliyevuka umri wa miaka 60 amekwisha kuambiwa, ama na tabibu, ama na karani, ama na mwanawe wa kumzaa. Maneno hayo ni "ni uzee tu". Akilalamika kwamba magoti hayana nguvu, huambiwa ni uzee tu. Akisema chakula hakimpiti kooni, huambiwa ni uzee tu. Akieleza kwamba safari ya kwenda dukani iliyokuwa ikimchukua robo saa sasa inamchukua nusu saa, na njiani hulazimika kuketi mara mbili, huambiwa yayo hayo, tena kwa sauti ya upole, kana kwamba aliyeyasema ametoa dawa.

Nayapinga maneno hayo kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu yanaua.

Nianze na habari ya nyumbani kwetu. Mjomba wangu, kaka wa mama yangu, alifundisha shule za msingi kwa muda wa miaka 34 katika milima ya Usambara. Wapo watumishi wa Serikali hivi leo ambao kusoma na kuandika walifundishwa naye, pamoja na viboko vyake, ambavyo havikuwa haba. Alistaafu akiwa na miaka 60 kamili, akarudi shambani, akaendelea na kazi. Alipofika miaka 71 suruali zilianza kumpwaya. Mkaza mjomba alizipunguza kiunoni mara ya kwanza, akazipunguza tena mara ya pili. Kisha tukaona kwamba mzee akitoka chumbani hushika ukuta. Kisha akaacha kwenda msikitini sala ya alfajiri, yeye ambaye hakuwahi kuikosa, kwa maelezo kwamba kile kilima cha kupandia kimekuwa kirefu.

Tulimpeleka katika kituo cha afya ambacho sitakitaja, maana makosa hayakuwa ya kituo kile peke yake. Kijana mmoja mwenye adabu nyingi alimpokea, akamwamkia, akampima damu mbio za moyo na msukumo wake, akamwuliza maswali mawili matatu. Halafu akasema, "Hakuna ugonjwa hapa, babu. Ni uzee tu." Akampa vidonge vya vitamini. Tulirudi nyumbani tumeridhika. Baada ya miezi minane mjomba aliteleza usiku mlangoni mwa bafu, akavunjika nyonga. Hakusimama tena kwa miguu yake, na kabla ya mvua za vuli tulimzika.

Jirani yake, waliyezaliwa naye mwaka mmoja na kuingia jandoni pamoja, alihudhuria maziko yale kwa miguu, na juma lile lile alikuwa shambani mwake akipalilia kabichi kwenye mteremko ambao mimi, mwenye nusu ya umri wake, naushuka kwa kukaa kitako. Miaka ya wazee wale wawili ilikuwa ile ile. Kama uzee ndio uliomwondoa mjomba, mbona haukumgusa mwenziwe?

Wataalamu wa maradhi ya wazee wanalo jibu la swali hilo. Hali iliyompata mjomba ina jina katika vitabu vyao, nami kwa kuwa Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya neno moja, nitaiita udhaifu wa uzeeni. Hali hii ni mbali na umri, maana yupo wa miaka 90 asiyekuwa nayo na yupo wa miaka 62 aliyekwisha kuzama ndani yake. Ni mbali pia na ulemavu, na si ugonjwa mmoja wenye kijidudu chake. Ni kwisha kwa akiba ya mwili. Mtu mzima wa miaka 30 ana mapafu, figo, misuli na moyo vyenye uwezo unaozidi sana mahitaji yake ya kila siku, na ndiyo maana homa ya siku tatu humlaza na siku ya nne yuko kazini. Aliyeishiwa na akiba hiyo huonekana mzima maadamu hakuna kinachomgusa. Akija kuguswa na homa ndogo, au msiba, au dawa mpya, anaanguka, na asiporudi pale alipokuwa watu hushangaa kwamba homa ile mbona ilikuwa ndogo.

Mwaka 2001 Daktari Linda Fried na wenzake huko Marekani walichapisha kipimo cha hali hiyo. Walikuwa wamewafuatilia wanaume na wanawake 5,317 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, nao wakataja dalili tano. Ya kwanza ni kupungua uzito bila kukusudia, kiasi cha kilo nne na nusu au zaidi katika mwaka mmoja. Ya pili ni uchovu ambao mtu mwenyewe anausema. Ya tatu ni ulegevu wa mkono unaposhika. Ya nne ni mwendo wa polepole, na ya tano ni kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye dalili tatu au zaidi alihesabiwa kuwa dhaifu, mwenye moja au mbili alihesabiwa kuwa yuko njiani, na asiyekuwa nayo hata moja alihesabiwa kuwa imara. Kati ya watu wale, kiasi cha 7 katika kila 100 walikuwa dhaifu, na hao ndio waliotangulia wenzao katika kuanguka, katika kulazwa hospitali, katika kushindwa kujihudumia na katika kufa.

Rejea sasa, ndugu msomaji, kwenye habari ya mjomba. Uzito ulipungua. Mwendo ulikuwa wa polepole. Uchovu aliutaja mwenyewe aliposema habari za kilima. Shughuli zilipungua, mpaka sala ya jamaa. Mkono wake hakuna aliyeupima, lakini hata bila ya mkono, mzee yule alikuwa na dalili nne kati ya tano siku tuliyoambiwa kwamba hana kitu.

Swali ambalo msomaji aliyesoma sayansi atauliza ni hili: je, hakuna alama ndani ya damu? Malaria tunaitafuta kwa tone la damu kidoleni, kisukari vivyo hivyo. Kwa nini udhaifu utafutwe kwa kumtembeza mzee chumbani kama askari kwenye gwaride?

Kwa hakika alama hizo zimetafutwa, na zinatafutwa hata sasa kwa fedha nyingi. Mwaka 2000 mwanasayansi wa Italia, Claudio Franceschi, alitoa hoja kwamba mwili unaozeeka hukaa katika mchochota mdogo usiokoma. Mchochota ni ile hali ya mwili kujihami unapopambana na jeraha au maradhi, ambapo mahali palipodhurika huvimba, huwa pekundu na hupata joto. Kwa kijana vita hivyo huanza na kwisha. Kwa mzee moto huo haukolei wala hauzimiki. Hufukuta chini kwa chini kwa miaka mingi. Sehemu ya sababu ni chembe hai zilizochoka ambazo hazigawanyiki tena wala hazikubali kufa, bali hukaa zikimwaga kemikali zinazowaudhi majirani. Mojawapo ya kemikali za mchochota ni ile iitwayo intalukini-6. Ikizidi, huchangia kuyeyusha misuli, hupunguza hamu ya chakula, na huufanya mwili ufiche madini ya chuma hata damu ikapungua. Ini nalo, kwa kuamriwa na kemikali hiyo hiyo, hutoa protini ambayo madaktari huiita CRP, na hiyo hupimika kwa urahisi. Mwaka 2002 Daktari Jeremy Walston na wenzake walionyesha kwamba wazee dhaifu, wakilinganishwa na walio imara, walikuwa na CRP nyingi zaidi, na damu yao ilikuwa na dalili zaidi za kutaka kuganda.

Zipo alama nyingine pia. Hemoglobini ya chini. Albumini ya chini. Upungufu wa vitamini D. Kushuka kwa homoni zinazojenga misuli, na kuchafuka kwa kipimo cha ile homoni ya taharuki ambayo kwa desturi hupanda asubuhi na kushuka jioni. Kisha kuna telomea, vile vikofia vya mwisho wa nyuzi za urithi ambavyo hupungua kila chembe inapogawanyika, na ambavyo uchunguzi wake ulituzwa Nobel mwaka 2009. Watu wengi walidhani kwamba hapo ndipo uzee utakaposomwa kama kwenye rula. Haikuwa hivyo. Katika habari ya udhaifu, urefu wa telomea umekuwa shahidi asiyetegemeka, leo anasema hivi na kesho vile. Saa nyingine ni ile ya Steve Horvath wa California, iliyotangazwa mwaka 2013, ambayo husoma alama za kemikali katika sehemu 353 za vinasaba na kukisia umri wa mwili kwa usahihi wa kustaajabisha. Lakini kukisia umri ni jambo moja, na kumtambua mzee atakayeanguka mwezi ujao ni jambo jingine.

Siidharau kazi hiyo. Ndiyo inayotufundisha kwamba udhaifu una mizizi ndani ya mwili na si uvivu wala majaliwa matupu. Ninachosema ni kwamba hadi leo hakuna tone la damu ambalo peke yake laweza kumwambia tabibu, "huyu ni dhaifu, na yule si dhaifu". Walimu wataelewa upesi kwa nini. Mwalimu akipima urefu wa watoto wote wa darasa la tano na wote wa darasa la sita, atakuta kwamba wastani wa darasa la sita umezidi. Ni kweli kabisa. Lakini akiletewa mtoto mmoja tu mlangoni na kuambiwa amtaje darasa lake kwa kumtazama urefu, atakosea mara nyingi. Alama za damu ziko hivyo. Zinatofautisha kundi na kundi. Mtu na mtu hazimudu.

Na sisi tuna tatizo letu la ziada. CRP haijui kama imepandishwa na uzee au na malaria, au kifua kikuu, au kidonda cha mguu, au jino bovu. Katika mji wa Ulaya wenye baridi na dawa tele, mzee mwenye CRP ya juu kidogo kwa mwezi mzima anaweza kushukiwa kuwa na mchochota wa uzeeni. Katika kijiji cha bonde la Rufiji kipimo hicho hicho kinaweza kuwa kinatueleza habari za mbu. Hemoglobini nayo huteremshwa na minyoo ya safura na malaria bila ya kuuliza umri wa mtu. Kwa hiyo, atakayetuambia tungoje mpaka maabara za wilaya zipate mashine za kupimia intalukini-6 ndipo tuanze kuwahudumia wazee dhaifu, anatuambia tungoje kipimo ambacho, siku kitakapofika, kitatupa majibu yenye utata kuliko ya kule kilikotoka.

Mkono na mguu haviongopi kiasi hicho. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi ya Daktari Darryl Leong na wenzake iliyowahusu watu 139,691 katika nchi 17, nchi tajiri na maskini, zikiwemo Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Kila mmoja alipewa chombo kidogo cha chuma akiminye kwa nguvu zake zote, na kilo zikaandikwa. Kwa kila kilo tano zilizopungua katika mkono, hatari ya kufa katika miaka iliyofuata ilipanda kwa asilimia 16, na nguvu za mkono zilibashiri kifo vizuri kuliko msukumo wa damu ambao tunaupima kila siku. Hakuna uchawi katika jambo hili. Ili mkono uminye kwa nguvu, ni lazima ubongo utoe amri, mishipa ya fahamu iipeleke, moyo na mapafu vilete hewa, tumbo liwe limelisha misuli, na misuli yenyewe iwepo. Mkono unaolegea ni taarifa ya kamati nzima.

Mwendo ni vivyo hivyo. Mwaka 2011 Daktari Stephanie Studenski na wenzake walikusanya habari za watu 34,485 wenye umri wa miaka 65 na zaidi kutoka katika tafiti 9, wakaonyesha kwamba kasi ya kutembea kwa kawaida, bila ya kukimbizana, ililingana kwa karibu sana na miaka iliyobaki. Aliyekwenda kwa mita 0.8 kwa sekunde alikuwa wa wastani. Aliyefika mita moja kwa sekunde alitazamiwa kuishi zaidi ya wastani wa rika lake. Mita 0.8 kwa sekunde maana yake ni kutembea mita 4 kwa sekunde 5. Mita 4 ni urefu wa chumba cha zahanati. Vyombo vinavyotakiwa ni chaki, futi kamba, na saa yenye mshale wa sekunde, au simu ambayo kila mwuguzi anayo mfukoni.

Hata hivyo tusichukue vipimo vya watu kama tunavyochukua mitumba, bila ya kujaribu kama vinatukaa. Katika ile orodha ya mwaka 2001, shughuli za mwili zilipimwa kwa kuwauliza wazee wa Kimarekani juu ya kukata majani ya bustani kwa mashine, kucheza tenisi, kucheza gofu. Napenda sana kumwona kijana wa chuo akimwuliza bibi wa Machame, aliyetoka kuteremsha mkungu wa ndizi kichwani, kama juma lililopita alicheza gofu. Kwa kipimo hicho bibi huyo angeandikwa mvivu. Ni jambo la kushukuru kwamba katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, madaktari wa hapa nchini wakishirikiana na wenzao wa Uingereza wamewachunguza wazee wa vijijini kwa miaka kadhaa, na kwamba kimetengenezwa kipimo kifupi cha udhaifu kwa ajili ya Tanzania, ambacho mhudumu asiyekuwa daktari anaweza kukitumia. Kazi hiyo imesomwa zaidi na wenzetu wa ng'ambo kuliko na sisi.

Sasa nije kwetu maofisini. Sisi watu wa ofisi tunaupenda umri kwa sababu umeandikwa. Mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa kawaida hulazimika akifika 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Pensheni jamii ya Zanzibar ilipoanza Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ilikuwa kwa waliofikisha miaka 70. Sina ugomvi na sheria hizo. Sheria haina budi kuwa na namba, na pensheni ile ya Zanzibar ni jambo la heshima. Ugomvi wangu ni pale ambapo hospitali nayo inafikiri kama ofisi ya utumishi. Dirisha la wazee likishamtambua mzee kwa kitambulisho chake na kumruhusu apite mbele ya foleni, kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee kiasi cha milioni 2.5, yaani asilimia 5.6 ya watu wote. Tuliwahesabu vizuri. Lakini ni wangapi kati yao wanaoweza kuinuka kitini bila ya kushika kitu? Hakuna karatasi ya sensa iliyouliza.

Najua kuna wasomaji ambao wamekwisha kuingiwa na hofu, na hofu yao ina msingi. Wataniambia kwamba tukianza kupima nguvu, kesho atatokea mkuu wa idara na chombo chake cha kuminya, aseme mwalimu fulani wa miaka 57 mkono wake umelegea, aondoke. Au atatokea mhasibu aseme mzee fulani wa miaka 68 anatembea vizuri mno, hastahili matibabu ya bure. Hatari hiyo ipo, na yafaa ifungwe mapema: kipimo cha udhaifu kiwe mali ya mgonjwa na tabibu wake, kama ilivyo siri nyingine ya matibabu, kisipandishe wala kushusha haki ya mtu yeyote. Haki iendelee kufuata umri. Huduma ndiyo ifuate nguvu.

Hoja ya pili ambayo nimeisikia ni ya kukata tamaa: hata tukiujua udhaifu, tutaufanya nini? Hii naikataa kabisa. Mwaka 1990 Daktari Maria Fiatarone aliwachukua wazee 10 wa umri wa miaka 90 hivi katika nyumba ya wazee huko Boston, akawafanyisha mazoezi ya kuinua vyuma kwa miguu kwa majuma 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Lakini watu walikuwa 10 tu. Basi mwaka 1994 akarudi na wazee dhaifu 100, wastani wa umri wao miaka 87, akawagawa makundi. Baada ya majuma 10 waliofanya mazoezi waliongeza nguvu za misuli kwa asilimia 113, wasiofanya waliongeza 3. Mwendo wao uliongezeka pia, na kupanda ngazi pia. Na hapa pana jambo linalotuhusu sana: wale waliopewa kinywaji cha lishe bila ya mazoezi hawakupata nguvu. Kumlisha mzee kitini hakutoshi.

Nami nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi wengi. Heshima yetu kwa wazee, ambayo tunajivunia nayo mbele ya mataifa, ina upande unaodhuru. Mzee akistaafu, watoto humnyang'anya jembe kwa mapenzi. Akiinuka kuteka maji, mjukuu hukimbia kumpokea ndoo. Akitaka kwenda sokoni, huambiwa, "Kaa, baba, utatumwa mtoto." Kila mmoja wetu anaona fahari mzee wake anapoonekana amekaa barazani mchana kutwa kwenye kiti cha uvivu, kwa kuwa huo ni ushahidi kwamba watoto wanamtunza. Misuli haijui adabu hizo. Msuli usiotumika huyeyuka, na wa mzee huyeyuka upesi kuliko wa kijana. Tulimfanyia mjomba hivyo hivyo. Alipoanza kuchelewa njiani tulimkodia pikipiki ya kumpeleka kila mahali, na tulijiona watoto wema. Alichohitaji ni mtu wa kutembea naye kile kilima polepole, kila siku, na mayai mawili, maharage na dagaa wa kutosha alipofika, na daktari wa kuvitazama upya vile vidonge vya usingizi alivyokuwa akinunua dukani bila ya cheti.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila mzee anayefika kwenye dirisha lake apimwe mambo matatu pamoja na msukumo wa damu: uzito, muda wa kutembea mita 4, na muda wa kuinuka kitini mara tano mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Haya hayazidi dakika nne. Yaandikwe kwenye daftari la mzee mwenyewe, mstari mmoja kwa kila siku aliyokuja, ili yasomeke kwa kuteremka, maana namba ya leo peke yake haina thamani kubwa kama tofauti yake na namba ya mwaka jana. Atakayeonekana anashuka aulizwe anakula nini, anakunywa dawa gani, ameanguka mara ngapi, analala vipi, nani anaishi naye. Hapo ndipo damu ipimwe, kutafuta chanzo ambacho pengine kinatibika: upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari, tezi, huzuni ya kufiwa. Alama za damu zina kazi yake, na kazi hiyo ni kueleza kwa nini mtu anashuka baada ya miguu kuonyesha kwamba anashuka. Vyuo vya matabibu na wauguzi navyo vifundishe somo hili kwa saa za kutosha. Mwanafunzi wa utabibu wa leo anajua kwa ghibu uzito ambao mtoto wa miezi tisa anapaswa kuwa nao, na kadi ya kliniki yenye mchoro wake tunaifahamu sote. Mzee hana kadi.

Nilipokuwa nikiandika makala hii nilimwomba mkaza mjomba anitafutie karatasi za hospitali za marehemu. Alizihifadhi zote ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na barua ya kustaafu. Kulikuwa na madaftari mawili ya kituo kile kile. Katika muda wa miezi 11 kabla ya kuanguka, mzee alikuwa amepandishwa kwenye mizani mara tatu, na kila mara uzito uliandikwa wazi kwa wino, kwa hati za watu watatu mbalimbali, kila mmoja kwenye ukurasa wake. Kilo 61. Kilo 58. Kilo 54.